Kutoka degedege hadi malaria ni hatua ngapi?

Umbali wa kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro unajulikana. Umeandikwa kwenye vibao vya barabarani, na kondakta akikudai nauli ya ziada unaweza kumbishia kwa hesabu. Lakini hebu niambie: kutoka neno "muuguzi" hadi neno "daktari" ni umbali gani? Na kutoka "muuguzi" hadi "siagi" je? Bila shaka utasema siagi iko mbali zaidi. Umejuaje? Umepima kwa rula ipi?

Usidhani nakuchezea. Kwa zaidi ya miaka 60 wapo wataalamu, tena wenye shahada kubwa, waliokaa kwenye maabara wakiitafuta rula hiyo. Na leo unapoandika swali kwenye simu yako, ukakosea neno moja, na bado ukapata jibu ulilolitaka, ujue kuna kipimo cha namna hiyo kilichofanya kazi chini kwa chini. Kipimo hicho kimeamua kwamba neno uliloandika na neno ulilokusudia ni majirani.

Juma hili nataka tuifuate historia ya rula hiyo. Nyingi ya habari zake ni za Uingereza na Marekani, na huko ndiko tutakakoanzia. Lakini katikati ya safari tutapita Bagamoyo, na pale jambo hili linaacha kuwa la maabara, linakuwa la uhai wa watoto.

Wa kwanza kumtaja ni daktari mmoja Mwingereza, Peter Mark Roget, aliyezaliwa mwaka 1779. Bwana huyu alikuwa na tabia ya kupanga mambo katika orodha, na mwaka 1852, akiwa na umri wa miaka 73, alitoa kitabu cha maneno ambacho kingali kinachapishwa hadi leo. Kamusi za kawaida hupanga maneno kwa alfabeti, na alfabeti haina adabu: humweka "mbwa" karibu na "mbwembwe" kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Roget alikataa mpango huo. Aliyagawa maneno kwa maana zake, akaanza na makundi makubwa 6, akayakata vipande hadi akapata vichwa vya habari vipatavyo 1,000. Katika kitabu chake furaha inakaa na kicheko, na huzuni inakaa na machozi.

Roget hakupima kitu. Hata hivyo alifanya jambo ambalo bila hilo hakuna kipimo: aliyapa maneno mahali pa kukaa. Ukishakuwa na mahali, unaweza kuuliza habari za umbali.

Tuvuke bahari na tuvuke miaka zaidi ya 100. Mwaka 1966, katika chuo cha Carnegie mjini Pittsburgh, Marekani, Ross Quillian aliandika tasnifu yake ya udaktari juu ya namna ya kuiwekea kompyuta kumbukumbu ya maana. Wazo lake nitalieleza kwa wavu wa mvuvi. Kila fundo la wavu ni dhana moja: mbwa, nyumba, huzuni, maji. Kila uzi unaotoka fundo hadi fundo ni uhusiano: hiki ni aina ya kile, hiki kina kile, hiki hufanya kile. Unapotaka kujua maneno mawili yanahusianaje, huanzi kusoma wavu wote. Unayagusa mafundo mawili kwa wakati mmoja, na mtikisiko unasambaa kutoka kila upande, uzi kwa uzi, mpaka mitikisiko miwili ikutane.

Ni kama habari ya msiba na habari ya harusi zilizotoka nyumba mbili za mtaa mmoja. Kila moja inapita mlango kwa mlango, na mwisho kuna mama mmoja anayezipata zote mbili. Kwa mama huyo ndipo utakapojua familia hizo mbili zimeungana vipi.

Quillian aliipa programu yake maneno ya Kiingereza yenye maana ya kulia na kufariji. Ikasambaa huku na huku, ikakutana kwenye huzuni. Anayelia hutoa sauti ya huzuni. Anayefariji hupunguza huzuni ya mwenzake. Kwa kompyuta za wakati ule, ambazo zilijaza chumba na zilikuwa na kumbukumbu ndogo mno ukilinganisha na simu yako ya mkononi, hilo halikuwa jambo dogo.

Swali lililofuata lilikuwa la haki kabisa. Je, huo ni mpango wa mashine tu, au hata kichwa cha binadamu kina wavu? Mwaka 1969 Quillian na mwenzake Allan Collins waliketisha watu mbele ya mashine, wakawaonyesha sentensi fupi, na kila mmoja abonyeze kweli au si kweli haraka iwezekanavyo. Mfano wao maarufu ni wa ndege mdogo wa manjano aitwaye kanari, jamaa wa chiriku wetu. Kanari ni kanari. Kanari ni ndege. Kanari ni mnyama. Walichokitarajia ndicho walichokiona: kadiri ngazi inavyopandishwa, ndivyo jibu linavyochelewa. Kucheleweshwa kwenyewe kulikuwa kwa kiasi kidogo, chini ya sehemu ya kumi ya sekunde kwa kila ngazi. Lakini kulikuwapo. Umbali wa maana ulikuwa umepimwa kwa saa ya mkononi, kama tunavyowapima wanariadha.

Hapa nataka nisimame kidogo, maana ni mahali panapofaa Mswahili kukohoa.

Mwambie mtu wa Tandika kwamba kanari ni mnyama. Atakutazama. Kwa Kiswahili cha kila siku ndege si mnyama. Tunasema "wanyama na ndege" kama tunavyosema "wake kwa waume", vitu viwili vilivyokaa ubavu kwa ubavu, wala kimoja hakimo ndani ya mwenzake. Samaki vilevile si mnyama, na mdudu ndiyo kabisa. Zipo hadithi za popo tulizosimuliwa utotoni, za vita kati ya wanyama na ndege na popo asijue aende upande upi. Hadithi hizo haziwezi kusimuliwa kama ndege ni wanyama. Mwalimu wa sayansi atatufundisha vingine, na yuko sahihi kwa sayansi yake. Lakini sekunde zile zilipimwa vichwani, na vichwa vilivyopimwa vilikuwa vya watu wanaosema Kiingereza.

Tena "ndege" wetu ana mambo yake. Huyu anataga mayai, na ile inatua uwanja wa Julius Nyerere. Wavu wa Quillian ungehangaika, ila sarufi yetu ingeuokoa: "ndege yule anaruka" ni wa mayai, "ndege ile inaruka" ni ya abiria. Kiambishi kimoja kimemaliza kazi.

Na hata huko kwao rula ya ngazi ilianza kupinda mapema. Mwaka 1973 Lance Rips, Edward Shoben na Edward Smith walionyesha kwamba watu hukubali upesi zaidi kwamba mbwa ni mnyama kuliko kwamba mbwa ni mamalia, ingawa kwenye mti wa sayansi mamalia ndiyo ngazi ya karibu na mnyama ndiyo ya mbali. Naam, "mamalia" ni neno la darasani. Katika miaka hiyohiyo Eleanor Rosch wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley alikuwa akionyesha kwamba ndani ya kundi moja kuna wenyeji na wageni. Shomoro ni ndege hasa. Mbuni ni ndege wa kubishaniwa. Ukihesabu ngazi, wote wawili wako hatua moja tu kutoka "ndege". Ukimuuliza mtu, hawako sawa hata kidogo.

Ndiyo maana mwaka 1975 Collins, safari hii pamoja na Elizabeth Loftus, aliuchana wavu wa zamani na kuusuka upya. Sasa nyuzi hazikuwa na urefu mmoja. Nyingine fupi, nyingine ndefu, na mtikisiko hupungua nguvu kadiri unavyosafiri. Wavu huo mpya ulieleza pia jambo lililoonekana mwaka 1971 katika majaribio ya David Meyer na Roger Schvaneveldt: mtu aliyekwisha kuona "muuguzi" hulitambua upesi neno "daktari", lakini si "siagi". Siagi inasubiri mkate. Umeona basi jozi zangu za mwanzo zilitoka wapi.

Sasa tuingie hospitali.

Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, iliyoko Bethesda, hupokea makala za utafiti wa magonjwa kutoka duniani kote, na tangu mwaka 1960 ina orodha yake rasmi ya maneno ya kuzipangia, inayoitwa MeSH. Orodha hiyo ni mti. Magonjwa yana matawi, matawi yana vitawi, na kila makala hutundikwa kwenye vitawi vinavyoihusu. Mwaka 1989 Roy Rada na wenzake watatu walichapisha kipimo chepesi mno: kama unataka umbali kati ya maneno mawili ya tiba, hesabu hatua za njia fupi kuliko zote katika mti huo. Panda hadi mahali matawi yanapokutana, kisha shuka. Walilinganisha hesabu zao na maoni ya madaktari, na wakaona zinakwenda pamoja vya kutosha kuwa na faida. Nia ilikuwa njema na ya kawaida kabisa: daktari anayetafuta makala ya ugonjwa fulani asikose makala ya ugonjwa jirani kwa sababu tu mwandishi ametumia jina jingine.

Wakati Rada anahesabu hatua za mti, ramani nyingine ya magonjwa ilikuwa ikitumika katika Wilaya ya Bagamoyo, mkoani Pwani, bila kompyuta na bila orodha. Mwaka 1996 Peter Winch na wenzake, waliokuwa katika utafiti wa vyandarua na malaria wilayani humo, walichapisha habari za majina ambayo wananchi wanayapa magonjwa ya homa. Naomba tuisome ramani hiyo polepole.

Homa ya malaria ilijulikana. Mwili unachemka, kichwa kinauma, viungo vinauma. Ilikuwa homa ya kawaida, ya kwenda zahanati na kumeza vidonge. Mbali na hapo, peke yake, palikuwa na degedege. Mtoto anakakamaa ghafla, macho yanageuka, viungo vinarusha. Kwa watu wengi huo haukuwa ugonjwa wa mbu. Ulihusishwa na shetani anayekuja kwa sura ya ndege au ya mdudu arukaye usiku. Sikiliza jina lenyewe, utalisikia neno "ndege" ndani yake. Na kwa kuwa ugonjwa ni mwingine, tiba nayo ilikuwa nyingine. Mtoto alipelekwa kwanza kwa mganga wa jadi, akafukizwa. Wapo walioamini kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa.

Hospitali kwa upande wake ilikuwa na jina lake: mara nyingi mtoto yule alikuwa na malaria kali, nyingine ikiwa imepanda kichwani. Malaria ya namna hiyo haisubiri kesho. Saa zinazotumika kutoka nyumba ya mganga hadi wodini ni saa ambazo mtoto hana.

Nimesikia watu wa mjini wakilicheka jambo hili, ati ni ushirikina wa wazee wa Pwani. Mimi sicheki. Mama yule alikuwa na ramani yenye mantiki. Aliona vitu viwili visivyofanana kwa macho: kimoja kinakuja taratibu na jasho, kingine kinavamia kama mwizi. Akaviweka mbali. Angekuja mpimaji wa maana na karatasi yake akamwuliza, "Homa ya malaria na degedege vinafanana kwa kiasi gani?", angejibu sifuri, na kwa upande wa kufanana asingekuwa amekosea sana.

Na hapa pana jambo lililonishangaza nilipokuwa nikiandaa mazungumzo haya. Niliuangalia mti wa Bethesda. Malaria imekaa katika tawi la maambukizo, miongoni mwa magonjwa ya vimelea. Kifafa cha ghafla, yaani kule kukakamaa na kurusha viungo, kimekaa kwenye tawi la mfumo wa fahamu, kati ya dalili zake. Ukihesabu hatua kwa rula ya Rada, inakubidi upande na kushuka ngazi kadhaa. Kumbe mti wa wataalamu nao unaviweka mbali! Daktari hakosei kwa sababu kichwani mwake kuna uzi ambao mti hauna: uzi wa "husababisha". Mti unajua tu "hiki ni aina ya kile". Mama wa Bagamoyo naye alikuwa na uzi wa "husababisha", tena imara, ila ulielekea kwa ndege wa usiku badala ya mbu.

Kwa maoni yangu hiyo ndiyo siri kubwa ya historia hii yote. Kufanana ni jambo moja, na kuhusiana ni jambo jingine. Gari na baiskeli vinafanana. Gari na petroli havifanani hata chembe, lakini ondoa petroli uone kama gari litakwenda. Mfano huo wa gari si wangu. Ni wa Philip Resnik, Mmarekani ambaye mwaka 1995 alijaribu kuirekebisha rula ya hatua.

Resnik alikuwa na wavu mkubwa kuliko wa waliomtangulia. Tangu mwaka 1985 mwanasaikolojia George Miller na wenzake wa Chuo Kikuu cha Princeton walikuwa wakiusuka wavu wa maneno ya Kiingereza uitwao WordNet, ambao hatimaye ulikuwa na mafungu ya visawe zaidi ya 100,000. Tatizo la kuhesabu hatua ndani yake lilikuwa dhahiri: hatua nyingine ni za sentimeta, nyingine ni za maili. Resnik akauliza swali jingine. Asihesabu hatua, aangalie mahali maneno mawili yanapokutania, na aone mahali hapo pana thamani gani.

Nitasema kwa mfano wa nyumbani. Watu wawili wakikutana Kariakoo na kugundua kwamba wote ni Watanzania, hakuna atakayeshtuka. Wakigundua kwamba wote wametoka kijiji kimoja, watakumbatiana. Utanzania pale sokoni ni wa kila mtu, kwa hiyo hauelezi kitu. Kijiji ni cha wachache, kwa hiyo kinaeleza mengi. Ndivyo Resnik alivyopima. Maneno yanayokutania kwenye dhana adimu yako karibu. Yanayokutania kwenye "kitu" tu, yako mbali.

Na adimu kwa hesabu ya nani? Alihitaji kujua kila neno linatajwa mara ngapi, akatumia mkusanyiko wa maneno kama milioni moja ulioandaliwa na Chuo Kikuu cha Brown. Mkusanyiko huo ulitoka kwenye magazeti, vitabu na majarida yaliyochapishwa Marekani mwaka 1961. Mwaka 1961! Ndiyo mwaka wa Uhuru wa Tanganyika. Mizani ya Resnik ilisawazishwa kwa yale ambayo wachapishaji wa Marekani waliona yanafaa kuchapwa mwaka ule.

Ilifanya kazi, tusimnyime haki yake. Alilinganisha kipimo chake na maoni ya watu. Ikiwa 1 ni makubaliano kamili, kuhesabu hatua kulipata 0.66, kipimo chake kikapata 0.79, na watu wenyewe kwa wenyewe walikubaliana kwa kiasi cha 0.90. Rula ilikuwa imeboreka.

Maoni hayo ya watu nayo yana historia. Mwaka 1965 Herbert Rubenstein na John Goodenough waliwapa wanafunzi 51 jozi 65 za maneno ya Kiingereza, wazipe alama kutoka 0 hadi 4 kwa kadiri maana zinavyokaribiana. Kito na johari, tuseme, zilipata 3.94. Kamba na tabasamu, 0.02. Kwa miaka mingi baadaye, kila aliyebuni rula mpya alirudi kwenye jozi hizo, au sehemu yake, kuipima rula yake, kama mafundi wanaorudi kwenye jiwe moja la kilo.

Katika jozi hizo imo moja niliyoipenda: jogoo na safari. Wanafunzi wale waliipa 0.04. Karibu na sifuri.

Hebu fikiria. Kwa Mswahili, jogoo ni saa. Jogoo la kwanza, jogoo la pili. Na msafiri ndiye anayelisikia la kwanza, maana wengine wamelala. Hata leo anayewahi basi la alfajiri kituoni Magufuli anaamka na majogoo, ingawa aliyemwamsha ni simu. Sisemi jogoo na safari ni kitu kimoja. Nasema ningekuwa mmoja wa wale 51 nisingeandika 0.04, na wao wasingenielewa. Vilevile jogoo na chakula walivipa 1.09. Hao hawajawahi kwenda ukweni wakachinjiwa!

Hayo ya jogoo ni ya kuchekesha. Ya ukoo si ya kuchekesha. Katika WordNet, dada wa baba, dada wa mama na mke wa mjomba wote wamo ndani ya fungu moja, kwa kuwa Kiingereza kina neno moja kwao. Umbali kati yao ni sifuri. Kwetu shangazi ni wa upande wa baba, na ana kauli yake katika mahari na mirathi. Mama mdogo ni mama, na mtoto wake ni ndugu yako. Mkaza mjomba ni mtu mwingine kabisa. Sasa fahamu kwamba lugha nyingi zilizotaka kuwa na wavu wao zilitumia njia ya mkato: kuuchukua wa Kiingereza na kutafsiri fundo kwa fundo. Ni rahisi, na gharama yake ni ndogo. Lakini wavu wa namna hiyo unawavika shangazi na mama mdogo kanga moja, halafu mchele na wali unavitia katika gunia moja.

Tangu mwaka 2013 mambo yamekwenda kasi. Tomas Mikolov na wenzake wa Google walitoa programu ambayo haihitaji mtu kusuka wavu. Inasomeshwa maandishi mengi mno, na kila neno inalipa msururu wa namba kulingana na maneno yanayolizunguka. Maneno yenye marafiki sawa hupata namba zinazokaribiana. Umbali umekuwa hesabu ya jiometri. Wazo hilo, likiwa limekua na kubadilika, ndilo lililomo ndani ya mashine za leo zinazojibu maswali na kuandika barua.

Rula hii mpya inazihisi nyuzi za "kuhusiana", si za "kufanana" tu. Jogoo na safari wanaweza kusogeleana kama maandishi yanawataja pamoja. Shida yake ni kwamba inaamini kila inachosomeshwa. Mwaka 2017 Aylin Caliskan, Joanna Bryson na Arvind Narayanan walionyesha katika jarida la Science kwamba namba hizo hubeba hata upendeleo wa waandishi: majina ya Wazungu wa Marekani karibu na maneno mazuri, ya Wamarekani weusi karibu na mabaya, wanawake karibu na familia, wanaume karibu na kazi. Walitaja pia Kituruki, ambacho kama Kiswahili kina neno moja tu la "yeye". Mashine ya kutafsiri ilipopewa "yeye ni daktari" ilimfanya mwanamume, na "yeye ni muuguzi" ikamfanya mwanamke. Hakuna aliyeiambia. Ilihesabu.

Basi turudishe hesabu hiyo kwenye Kiswahili. Je, katika mashine hizi degedege iko umbali gani na malaria? Itategemea maandishi ya Kiswahili yaliyosomeshwa, na hayo ni machache ukilinganisha na ya Kiingereza. Tumetangaza redioni kwa miaka mingi kwamba degedege ni dalili ya hatari, mtoto akimbizwe hospitali. Mimi mwenyewe nimeyasoma matangazo hayo studioni mara nisizoweza kuhesabu. Lakini sauti ya redio hupotea hewani, na mashine ya namna hii husoma kilichoandikwa. Tangazo ambalo halikuandikwa popote halikusogeza kitu. Simulizi ya shetani wa usiku, ikiwa ndiyo pekee iliyoandikwa, itasogeza. Mama wa leo mwenye simu anaweza kuiuliza mashine saa nane za usiku, na itamjibu kwa ramani iliyoikuta.

Kwa hiyo juma hili nina kazi kwenu. Chukua karatasi uandike jozi hizi, na kando ya kila moja weka alama kutoka 0 hadi 4, kama wale wanafunzi wa mwaka 1965: jogoo na safari, shangazi na mama mdogo, ndege na mnyama, mchele na wali, deni na aibu, bahari na mkate, mjomba na baba, mbu na homa, degedege na malaria. Usifikiri sana, andika linalokujia. Kisha mpe karatasi nyingine, isiyo na alama, mtu aliyekuzidi miaka 40, naye aandike zake bila kuziona zako. Tuma zote mbili pamoja, na kila moja iwe na umri wa aliyeandika na wilaya aliyokulia.